Kule Si Kule

Baba aliacha maboksi manne ya sabuni,
ndani yake orodha za mishahara za mgodi wa Kilembe,
zilizopigwa taipu kwa mashine iliyong'oka jino la herufi e,
na ukingoni mwa kila karatasi, rangi ya chai:
matope ya Nyamwamba, ule usiku mto ulipoingia bila hodi.

Nimezipitisha kwenye skana miezi miwili, hapa Kasese,
mezani pa kulia chakula,
kati ya kibakuli cha chumvi na risiti za Yaka.
Kurasa mia sita na kumi na moja.
Sasa ni picha tu. Kompyuta inaziona
kama mbuzi anavyoona gazeti:
kitu cheupe, labda chaliwa.

Nahitaji programu ya kusoma.
Mjane wa Bwambale anakuja Jumatatu kuuliza
kama jina la mumewe limo, na ni mwaka gani,
na siwezi kumwambia mama wa watu, keti hapa,
tufunue pamoja kurasa mia sita.

Ya kwanza ni ya bure. Niliishukuru mapema.
Kila m imeigeuza r na n zilizokumbatiana,
shilingi mia na hamsini zimekuwa l na S na O,
na fundi Masereka, aliyelipwa kila mwisho wa mwezi,
kwayo "amelipua", "amelipua", "amelipua",
Januari hadi Desemba, bila hata mchubuko.
Nilicheka peke yangu mpaka mama akaamka.

Ya pili inakaa mawinguni.
Yasoma vizuri, sikatai. Lakini inakula bando kama nzige,
na kila ukurasa sharti usafiri kwanza
hadi kwa watu nisiowajua,
pamoja na madole gumba ya wachimbaji, yale ya wino wa zambarau,
waliyoyabonyeza kwa kuwa hawakujua kuandika.
Nikawaza: wao walimpa karani dole,
hawakuliaga kwenda ng'ambo.
Nikakata mtandao kwenye ukurasa wa tatu.

Ya tatu nimeinunua, shilingi elfu tisini.
Maate wa dukani aliapa kwamba inajua Kiswahili.
Kweli inajua. Inajua kupita kiasi.
Thembo, mtoto wa tano kwao, imemsahihisha: tembo.
Tembo wawili wamelipwa zamu ya usiku.
Na Kule, mtoto wa nne,
jina linalomngoja kabla kitovu hakijakauka,
imemvua herufi kubwa, amekuwa kule,
mahali tu, pa kunyooshea kidole.
"Jumanne kule hakufika kazini."
"Ijumaa kule amefukiwa, shimo la tatu."
Inasoma bila kusita, bila kuweka alama,
kama mhubiri aliyesahau miwani nyumbani.

Hapo sikucheka.

Nimerudi kwa ile ya bure.
Nimepekua mipangilio yake hadi saa nane za usiku,
mita ya Yaka ikilia,
nikapata mahali pa kuiambia: usipojua, usikisie.
Sasa inaacha kisanduku kitupu panapoitatiza.
Ukurasa mmoja una visanduku kumi na vinne,
kama shuka lililotobolewa na mende.

Ndipo namwita mama. Anaweka kidole kwenye kioo
(nimechoka kumkataza), anasoma visivyosomeka:
"Huyu ni Kule wa Bulembia, mguu wake mmoja ulikuwa mfupi.
Babako alimkopesha sukari, hakuirudisha.
Andika K kubwa."
Naandika K kubwa.

Leo Jumapili tumefika ukurasa wa arobaini.
Bwambale si mmoja, ni wanane.
Kesho mjane atabisha, nitampa kiti na chai,
na ukurasa wa ishirini na sita, mstari wa tisa,
penye kisanduku ambacho mama alikikazia macho kwa muda mrefu
kisha akavua miwani:
"Hicho kiache wazi.
Huenda yeye akakijua."